Fasti yia, DS na CL msizichukulie poa

Kila majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka, wadogo zangu wananiuliza swali lile lile: hizi kozi za lazima ambazo hata hazihusiani na nilichoomba, nasoma za nini? Mtu kachaguliwa uinjinia au sheria au jiolojia, anafungua orodha ya kozi za semista ya kwanza anakutana na DS na CL, yani taaluma za maendeleo na stadi za mawasiliano, anaona kama anapotezewa muda. Mimi nimesoma Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye nikaongoza semina za fasti yia na kusahihisha kazi zao, kwa hiyo naongea nilichokiona, na naongelea zaidi Mlimani japo Dodoma, Mzumbe na SUA (chuo cha kilimo cha Sokoine) nao wana kozi za aina hii kwa kodi (code) za kozi zao wenyewe.

Hizi ndo kozi zinazoangusha watu wenye akili kabisa, na sababu sio ugumu, sababu ni kwamba mtu anaziweka mwisho wa foleni. Hesabu zake anakesha nazo mpaka saa nane usiku, DS anasubiri madesa, yani notsi za kudurufu za stesheneri, siku mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista.

Sasa tupige hesabu. Mlimani A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2, kila kozi unazidisha pointi na krediti zake (uzito wa kozi), unajumlisha zote, unagawa kwa jumla ya krediti, hiyo ndo GPA, wastani wako. Hakuna mahali popote wanapouliza hii ni kozi ya fani yako au ni ya lazima. Chukulia mwaka wako una kozi kumi zenye krediti sawa, nane za fani umepata A nne na B+ nne, safi sana, alafu DS na CL ukapata C zote mbili: GPA yako 4.0. Hizo mbili zingekuwa A ungekuwa na 4.6. First class inaanzia 4.4. Yani daraja zima limeondoka na kozi mbili ulizokuwa unaingia mlango wa nyuma umechelewa, na matokeo ya mwaka wa kwanza hayafutwi, unatembea nayo mpaka unamaliza.

DS hasa watu hawajui ilikotoka ndo maana wanaidharau. Chuo kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1970 baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjwa, na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ikaanzishwa 1973, nchi iko katikati ya Azimio la Arusha la 1967, na mawazo yalikuwa kwamba daktari au injinia anayesomeshwa kwa jasho la mkulima lazima aielewe jamii anayokwenda kuitumikia. Mimi naamini hiyo hoja ina nguvu mpaka leo, injinia atakayechora mradi wa maji kijijini bila kujua nani anachota maji na nani anashika hela ya kaya atajenga kitu ambacho watu hawatakitumia.

Shida inakuja kwenye mtihani. Chukulia swali linaloulizwa kwa sura nyingi: jadili nadharia ya Rostow, yule mchumi wa Marekani aliyesema kila nchi inaendelea kwa kupita hatua tano, ukihusisha na Tanzania. Karibu nusu ya karatasi unakuta mwanafunzi kaorodhesha hatua tano, jamii ya kimapokeo, maandalizi ya kuruka, kuruka, kuelekea ukomavu, matumizi makubwa, kila moja na maelezo mistari mitatu, amemaliza, kaweka hitimisho. Huyo ameeleza, hajajadili, na maksi atapata chache tu japo hakuna alichokosea. Anayepata A anakushika mkono anakwambia Rostow mwaka 1960 alisema nchi ikitaka kuruka uwekezaji upande kutoka kama asilimia 5 ya pato la taifa uvuke 10, alafu anauliza je mkonge na pamba tulivyolimishwa enzi za mkoloni viliacha faida hapa au viliondoka nayo, anamleta Samir Amin na watu wa utegemezi, wanaosema nchi maskini zinabaki nyuma kwa sababu utajiri wake unavutwa na nchi tajiri, wampinge Rostow, anagusa masharti ya IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) ya 1986, mwisho anasema yeye anasimama wapi na kwa nini. Hizo hatua tano anazitaja kwa sentensi mbili tu. Kwa hiyo ukisoma nadharia yoyote ya DS jiulize nani anaipinga na hapa kwetu inakubali wapi inakataa wapi, hayo madesa hayakupi.

CL nayo, wengi mnaidharau kwa sababu mnadhani ni kingereza cha fomu wani. Form six mwalimu alikuwa anasoma notsi taratibu unaandika, chuo mhadhiri anaongea tu, ukumbi umejaa, hakuna atakayesema andikeni. Gawa ukurasa kwa mstari, kushoto neno kuu, kulia maelezo, akisema sababu ni tatu andika 1, 2, 3 hapo hapo na uache nafasi, ikikupita ya pili usimgeuzie jirani maana utakosa na ya tatu, utaijaza jioni. Na kila unachonukuu andika pale pale jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Mtu akisubiri usiku wa kukusanya kazi ndo aanze kutafuta alikotoa, anaishia kuacha bila chanzo, alafu programu kama Turnitin inaonyesha aya nzima ya mtu mwingine, na hilo chuoni ni kosa la kinidhamu kabisa, halihesabiki kama uzembe mdogo.

Kazi za grupu sitaongea sana. Usikubali jina lako liandikwe kwenye kazi hujaigusa, siku ya presentesheni mwalimu ana kawaida ya kumchagua aliyekaa kimya nyuma.

Wiki ya kwanza tafuta kozi autlaini za zote mbili, uone tesiti ziko lini na semina yako iko ukumbi gani saa ngapi, maana kozi weki, yani tesiti na kazi za ndani ya semista, ni 40 na UE ni 60, na hizo 40 nyingi zinaanza kukusanywa kabla hata bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, halijaingia. Ukiingia UE na 32 mkononi unafanya mtihani umetulia. Ukiingia na 17 unahitaji 23 kwenye 60 ili uguse tu 40 ya C, ukikosa ni sapu, mtihani wa kurudia, na sapu unaifanya kipindi wenzako wako nyumbani, nauli na chumba unajitafutia mwenyewe.