Maswali ya biashara ya magari yaliyotumika: mnada wa Japani, ushuru, dalali na kadi

Maswali mengi safari hii yametoka kwa watu wanaotaka kununua na kuuza magari wenyewe, bila yadi wala kampuni. Karibu wote wanauliza watauzaje. Mimi nitawarudisha kwenye kununua, maana hapo ndipo mchuuzi wa gari moja moja anapopata hela yake au anapoipoteza. Ukinunua vizuri, gari lenyewe litakutafutia mteja.

Shikamoo. Nina milioni 15 nataka kuanza biashara. Niagize Japani au ninunue magari ya mkononi hapa hapa Dar? (Kijana, Tabata)

Marahaba. Kwa mtaji huo anza na gari la mkononi. Ukiagiza, hela inatoka leo, gari unalishika baada ya miezi miwili au mitatu ukijumlisha kulipata, kusubiri meli, safari ya baharini na kulitoa bandarini. Muda wote huo huna gari wala hela, na dola ikipanda katikati ushuru wako kwa shilingi unapanda nayo. Gari la mkononi ukilipata kwa mtu anayehama mji, anayetafuta ada au anayetaka kupanda gari kubwa, unaweza kuliuza ndani ya wiki chache, hela ikarudi na cha ziada. Mwenye mtaji mdogo anaishi kwa mzunguko.

Nunua gari ambalo fundi yeyote wa mtaani analijua na spea zake zimejaa Kariakoo: IST, Vitz, Passo, Raum, Premio. Na usiingize milioni 15 zote kwenye gari moja. Acha hela ya matairi, betri, kunyoosha bodi, bima ndogo na gharama za kuhamisha umiliki. Nimeona vijana wengi wakikwama na gari zuri kwa kukosa laki tatu za kulifanya liuzike.

Halafu kuna hili la namba. Mnunuzi wa Dar kabla hajauliza injini atauliza, "Namba gani? C, D au E?" Herufi ile, ya kwanza baada ya tarakimu, inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haielezi lilitengenezwa lini, wala lilitunzwaje. IST namba C iliyokaa kwa mwalimu mmoja, ikafanyiwa sevisi kwa wakati, inaweza kuwa gari bora kuliko namba D iliyopiga teksi usiku na mchana, na bado ukainunua kwa bei ya chini. Mchuuzi anayefungua boneti badala ya kusoma namba atayapata magari mazuri ambayo wenzake wameyaruka.

Ajenti wangu wa Japani amenitumia karatasi ya mnada. Ina herufi na namba zimejaa kwenye mchoro wa gari. Naisomaje? (Msomaji, Mwanza)

Nafurahi umeiomba, maana wengi wanaletewa picha tu. Karatasi ile inajazwa na mkaguzi wa mnada, na mkaguzi hauzi gari. Ndiyo maana naiamini kuliko picha yoyote.

Anza na daraja. Gari la 4.5 au 5 ni safi sana na bei yake inakuwa juu. La 4 ni zuri. La 3.5 lina mikwaruzo na vibonyeo vya matumizi ya kawaida, na kwa soko letu hapo ndipo penye biashara, kwa sababu mkwaruzo ambao Mjapani anaukatia bei, fundi wa Dar anaufuta kwa siku moja. Ukiona R au RA, hilo limewahi kugongwa likatengenezwa. Si lazima ulikimbie, ila ujue unanunua nini, na mteja wako naye ajue.

Herufi moja ya A mpaka D ni ya ndani ya gari, viti na dashibodi. Kwenye mchoro wenyewe, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa au kupigwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. X ni kipande kinachotaka kubadilishwa, na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa: A1 ni kidogo, A3 ni kubwa. Kwa hiyo gari lenye A1 na U1 kila upande lisikutishe. Lenye W3 kwenye mlango na XX kwenye boneti liombee maelezo.

Sasa shuka kwenye maandishi ya Kijapani ambayo wengi wanayaruka. Mlazimishe ajenti akutafsirie mstari kwa mstari. Maneno mawili yakamate: "sabi" ni kutu, na "kansui" ni gari lililoingia maji ya mafuriko. Magari ya Hokkaido na kaskazini ya Japani yanatembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi ile inakula chini ya gari kimya kimya. Juu linang'aa, chini bomba la breki limeoza. Omba picha za chini kabla hujatoa dau.

Kilomita nazo zilinde. Zilizoandikwa kwenye karatasi ya mnada zilinganishe na zilizo kwenye cheti cha kusafirisha gari nje, kisha na dashibodi siku linaposhuka Dar. Gari lililotoka Japani na kilomita 142,000 haliwezi kuonyesha 78,000 Kinondoni. Karatasi hizo mbili zitunze, umkabidhi mnunuzi pamoja na kadi ya usajili wa gari. Wachache sana wanafanya hivyo, na wateja wanakumbuka.

Nimeona IST ya bei rahisi sana Japani, lakini kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kinanipa ushuru karibu sawa na bei ya gari. Kimekosea? (Dada, Morogoro)

Hakijakosea, dada. Ulichokiona ni kodi ya umri wa gari.

Tuchukue kwamba gari lako, pamoja na nauli ya meli na bima mpaka Dar, TRA wamelithamini 100. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hapo una 125. IST yenye injini ya lita 1.5 ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, unaohesabiwa juu ya 125, yaani 6.25. Kisha inakuja ada ya uchakavu: gari la abiria lenye zaidi ya miaka 10 linaongezewa asilimia 30 juu ya 125 ileile, yaani 37.5. Jumla imefika 168.75, na VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya yote hayo, 30 na ushee. Ukitoa ile 100 ya mwanzo, umelipa kodi 99, na tozo ya reli na ya kuchakata mzigo bado hazijaingia.

Gari hilohilo lingekuwa chini ya miaka 8, ada ya uchakavu isingekuwepo, na kodi ingeshuka hadi kama 55. La kati ya miaka 8 na 10 linabeba asilimia 15. Kwa hiyo gari la kisasa kidogo lililo ghali zaidi Japani linaweza kukufikia mkononi kwa tofauti ndogo kuliko ulivyodhani, nalo linauzika kwa bei nzuri. Piga hesabu zote mbili kabla ya kutoa dau.

Jambo lingine: TRA wana thamani zao. Ankara yako ikiwa chini ya thamani yao, watakuhesabia kwa yao. Anayekushauri uandikiwe ankara ya uongo "ili ushuru upungue" anakuingiza kwenye kosa la forodha bila kukupunguzia chochote. Na hesabu yako iwe na wakala wa forodha, gharama za bandari, ukaguzi wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na usajili. Gari likizidisha siku za bure bandarini linaanza kudaiwa kila siku, basi hela ya ushuru iwe tayari meli ingali baharini.

Dalali ananiletea wateja lakini anaweka cha juu chake bila kuniambia. Nifanyeje? (Mbezi)

Mweleze kabla hajamleta mtu: bei ya gari ni hii, chako ni hiki, kinatoka kwangu siku gari linapolipwa. Kisha bei mteja aisikie kwako. Dalali mzuri nampenda na namlipa siku hiyohiyo, maana anatembea juani kutwa nzima na anastahili. Asiyekubali mpango huo mwache. Mnunuzi akija kugundua aliongezewa milioni moja, atakayemlaumu ni wewe ambaye jina lako liko kwenye mkataba.

Kuna mzee anataka kuniachia gari lake mali kauli, nikiuza nimpe chake. Niko huru kulichukua? (Kijana, Arusha)

Lichukue. Watu wengi wasio na mtaji wameingia kwenye biashara hii kwa njia hiyo, na ni njia ya heshima ukiiheshimu. Ila andikianeni. Bei anayoitaka mzee, muda wa kukaa nalo, kilomita za siku unayolipokea, nani analipa faini ya barabarani ikiingia, nani anatengeneza likiharibika. Pigeni picha pande zote, shahidi awe mtu wa serikali ya mtaa au wakili. Hakikisha lina bima hai. Na usilitumie kwa safari zako, hata ya kwenda msibani. Gari la watu linaendeshwa kumwonyesha mteja, basi.

Nikienda kukagua gari la mkononi nianzie wapi? Na karatasi je? (Wengi)

Anzia kwenye karatasi, kwa sababu injini mbovu inatengenezeka, karatasi mbovu haitengenezeki. Taka kadi halisi, usikubali kivuli chake. Gari lililowekwa dhamana ya mkopo kadi yake huwa inakaa kwa mkopeshaji, na muuzaji atakuambia "iko kijijini kwa mama". Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bati. Pitisha kidole: palipochezewa utasikia gundi au chuma kilichosuguliwa. Jina la kwenye kadi liwe la huyo unayemlipa, na kitambulisho chake ukione. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Mwenye jina akiwa amefariki, usinunue kwa mjane wala kwa mtoto mkubwa kwa sababu tu wanaonekana watu wema. Anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia ikiwa haijafungua mirathi, wasaidie kujua pa kuanzia na usubiri. Bila hivyo utashindwa kuhamisha umiliki, na ndugu mmoja akirudi kutoka safari analidai gari kwako.

Kwenye gari lenyewe, fika mapema na uweke mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, limewashwa ili usisikie linavyoamka asubuhi. Omba lipoe. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa: gari lililozama lina alama ya maji au vumbi la tope kwenye sehemu ya mkanda ambayo huwa imejikunja ndani, na mwoshaji haifikii. Tazama bolti za boneti na za madigadi. Rangi ikiwa imevunjika pembeni, spana imepita pale, na una haki ya kuuliza kwa nini.

Nikijua kasoro ya gari, nimwambie mnunuzi? Si nitamkimbiza? (Ubungo)

Mwambie, na umwambie wewe kabla fundi wake hajaiona. "Kompresa ya AC imechoka, kuibadilisha ni kiasi hiki, nimekupunguzia kiasi hiki." Mtu yule mara nyingi ananunua, kwa sababu sasa anaamini mengine uliyosema. Wapo watakaoondoka, waache waende. Anayenunua gari hapa kwetu mara nyingi ametumia akiba ya miaka, au mkopo wa kazini, na mke na watoto wamekwishaambiwa gari linakuja. Kumwuzia gari lililozama kwa kumficha ni kumwibia, na sitamfundisha mtu kufanya hivyo.

Gari la namba ya Zanzibar linauzwa rahisi, nilivushe niliuze bara? (Temeke)

Urahisi ule mara nyingi ni kodi ambayo haijalipwa upande wa bara. Nenda TRA na kadi, uhesabiwe tofauti kwanza, uijumlishe kwenye bei. Ikibaki nafuu, nunua.

Mimi niko Mombasa. Rafiki wa Dar anasema ataniagizia gari la 2014 kwa bei nzuri. Lina faida? (Msomaji, Likoni)

Halitaingia. Kenya gari lililotumika halipaswi kuzidi miaka 8, na kila Januari mwaka unasogea: 2025 hayakuruhusiwa magari ya kabla ya 2018. KEBS, shirika la viwango la Kenya, wanatazama mwaka wa kutengenezwa na wa kusajiliwa mara ya kwanza, na hiyo miwili isiachane kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tanzania gari hilo linapita ukilipa ada ya uchakavu, ndiyo maana rafiki yako haoni tatizo. Hesabu pia tarehe ya meli: gari la mwaka wa mwisho linaloondoka Nagoya mwezi wa kumi na mbili linaweza kukufikia bandari ya Kilindini Januari, likiwa limekwisha kupitwa na mwaka wake.