Kuomba Radhi kwa Kikorea: Majibu ya Maswali Yenu

Mianhae na joesonghamnida, lipi sahihi?
Yote sahihi, ila hayaendi kwa mtu mmoja. Mianhae (미안해) ni ya rafiki wa rika lako, mdogo wako au mpenzi wako. Mianhaeyo ni ya mtu mnayeheshimiana ambaye si mkubwa wako. Mwalimu, bosi, mama mwenye nyumba, mzee uliyemkanyaga kwenye basi: joesonghamnida (죄송합니다). Msijidanganye kwamba mianhamnida itamtosha mzee kwa kuwa imemalizika kwa heshima. Haimtoshi.

Mbona kwenye tamthilia wote wanasema mianhae?
Swali hili halikauki. Wanasema hivyo kwa sababu ni wapenzi, ni ndugu, au ni mkubwa anayezungumza na mdogo. Mnawasikiliza watu wanaogombana kwenye mvua, halafu mnakwenda kumwambia profesa maneno yale yale! Nyinyi mliolelewa kwa shikamoo, nani kati yenu angemwambia babu yake "mambo vipi"? Lugha hiyo ya kishkaji Wakorea huiita banmal, na ukimwomba mkubwa radhi kwa banmal umeongeza kosa la pili.

Nimepata ufadhili wa GKS, ule wa masomo wa serikali ya Korea, naenda Seoul. Nikichelewa darasani nisemeje?
Kwanza hongera. Ukikuta kipindi kimeanza, inamisha kichwa, tafuta kiti, nyamaza. Kipindi kikiisha mfuate mwalimu, simama wima, mikono ikutane mbele, sema: Neujeoseo joesonghamnida (늦어서 죄송합니다), yaani samahani kwa kuchelewa. Kisha uiname kuanzia kiunoni, usiishie shingoni.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunaanza hadithi: treni ilijaa, simu ilizima, sijui nini. Msamaha ulioanza na sababu utasikika kama byeonmyeong, kisingizio, hata kama kila neno ni kweli. Sababu itoe ukiulizwa. Wewe malizia kwa Dasineun neutji anketseumnida (다시는 늦지 않겠습니다), sitachelewa tena, na kesho yake uwahi.

Na kwenye KakaoTalk, programu ya ujumbe ya Wakorea, andika neno zima. Kile kifupi cha joesong, ㅈㅅ, kiachie wenzako wa michezo ya mtandaoni. Profesa akikipokea ataona hata kuandika kumekushinda.

Rafiki yangu Mkorea kafiwa na baba. Nilimwambia mianhae, akanitazama tu.
Lazima akutazame, umekiri kosa ambalo hukulitenda. Kiswahili kimekupa pole na samahani, kila moja na mahali pake, lakini wewe umepitia Kiingereza, ambako neno moja linabeba yote mawili. Acheni kupitia huko. Rambirambi ya kuandika ni Samga goinui myeongbogeul bimnida (삼가 고인의 명복을 빕니다). Ukienda msibani, vaa nguo nyeusi, beba bahasha ya rambirambi, wainamie wafiwa. Usipopata la kusema, kaa kimya; pale ukimya ni adabu kamili. Kwa mtu aliyejikwaa, muulize: Gwaenchanaseyo? yaani uko salama? Na ile "pole na kazi" yetu, kwa mfanyakazi mwenzako, ni sugohasyeosseoyo.

Nikitaka kupita katikati ya watu kwenye treni?
Jamsimanyo, yaani subiri kidogo. Basi.

Tuandikie yote kwa herufi za kwetu, Hangul, herufi za Kikorea, ni ngumu.
Sitaandika. Hangul ina herufi za msingi 24, na mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446 ili mtu wa kawaida aweze kusoma. Herufi za Kilatini zinawapoteza: "ae" hutamkwa kama "e" yetu, na "joe" ni karibu na "jwe", ninyi mnasoma "jo-e" na Mkorea haambulii kitu. Kaeni na herufi hizo wiki moja, kisha mrudi na maswali.

Mtu akiniomba radhi nijibuje?
Gwaenchanayo (괜찮아요), hakuna neno. Akiwa mkubwa wako, gwaenchanseumnida, na umwinamie kidogo naye.