Fida inapanda, spika kuu kimya

Sheikh, SQ-5 yako, yaani mikisa ya sauti ya kidijitali, haijaharibika. Unapandisha ganuni (ala ya nyuzi), watu Ngome Kongwe hawaisikii, na muimbaji analalamika monita, spika yake ya jukwaani, inampasua masikio: basi fida zako, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, zipo kwenye miksi ya monita. Bonyeza LR, miksi ya spika kuu, kwenye safu ya vitufe vya miksi. Fida zitaruka zenyewe, usizizuie kwa vidole, zina mota. Ukitaka kumpunguzia muimbaji, bonyeza kitufe cha Mix ya monita yake, shusha ganuni, rudi LR hapo hapo. Kama hata ukiwa LR monita bado inapanda na kushuka ukisogeza fida, sauti ya chaneli ile inakwenda huko baada ya kupita fida; ibadilishe itoke kabla ya fida.

Kabla ya kubadili kitu kwenye skrini, bonyeza kwanza Sel, kitufe cha kuchagua chaneli. Ukisahau utakata besi ya udi (ala ya muziki) ukidhani unakata ya ganuni. Gusa namba unayotaka kubadili, kisha zungusha nobu ya skrini; kuburuta kwa kidole chenye jasho ni kubahatisha tu.

Mkimaliza majaribio ya sauti, hifadhi sini, yaani mpangilio wote wa mikisa. Na zima kupitia skrini: ukichomoa waya tu, mabadiliko ya mwisho yanaweza kupotea. Kwa umeme wetu, weka UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.