Simu za Upepo Zilizokwishatumika: Ipi Inafaa Kuwa Ripita?

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Ninaishi Soweto, Moshi, na nina leseni ya redio ya ridhaa. Hivi karibuni kampuni moja ya utalii ya Arusha iliuza mitambo yake ya zamani ya simu za upepo, nami nikanunua sanduku zima. Ndani yake mna redio mbili za gari aina ya Motorola GM300 pamoja na kisanduku cha bati chenye mirija sita mifupi na matundu matatu ya kuchomekea waya wa antena. Mimi na wenzangu tunataka kufunga ripita, yaani kituo kinachopokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya, kwenye bendi ya mita 2, ili ituunganishe wa Moshi na wa Arusha. Nitajuaje kama vifaa hivi vinafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, usifungue skrubu yoyote kabla ya kuigeuza kila redio na kunakili kibandiko chake chote, herufi kwa herufi, kwa sababu jina lililoandikwa usoni halikuambii jambo unalohitaji kulijua kwanza, yaani redio hiyo ilitengenezwa kwa masafa (frikwensi) gani. Katika mtindo wa zamani wa Motorola, namba ya GM300 huanza na herufi M ikifuatiwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya pili ndiyo ya kutazama: 3 ni VHF, kundi la masafa lenye bendi ya mita 2, na 4 ni UHF, kundi la masafa ya juu zaidi. Kwa hiyo M43GMC na M44GMC, ambazo kwa sura huwezi kuzitofautisha, ni redio mbili zisizoweza kusikilizana hata siku moja.

Ukikuta ni za VHF, usishangilie bado. GM300 za VHF zilitoka kiwandani kwa mafungu mawili, moja la megahezi 136 hadi 162 na jingine la 146 hadi 174. Maandishi mengi kuhusu redio hizi yametoka Marekani, ambako bendi ya mita 2 huanzia 144 hadi 148, na huko fungu la pili huonekana kufaa bila tatizo. Sisi tumo katika Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, pamoja na Afrika yote na Ulaya, na bendi yetu huishia 146. Redio ya fungu la pili, kwa hiyo, huanzia pale pale tunapoishia. Ziko zinazokubali kushushwa megahezi moja au mbili chini ya kiwango chake, lakini usikivu wake hupungua, na usiku wa baridi huko mlimani zinaweza kushindwa kabisa kushika masafa yaliyowekwa. Kwa ripita isiyokuwa na mtu wa kuiangalia, mimi nisingeikubali. Tafuta fungu la 136 hadi 162.

Sasa nije kwenye hicho kisanduku cha mirija sita, ambacho ndicho kitakachoamua kila kitu. Hiyo ni dupleksa, kifaa kinachoiwezesha ripita kurusha na kupokea kwa wakati mmoja kupitia antena moja, bila kipaza mawimbi cha upande wa kurusha kukiziba masikio kipokezi kilicho kando yake. Makampuni hutumia masafa mawili yaliyoachana sana, mara nyingi megahezi 4.6 au 5 kwa VHF, na visanduku vidogo vya namna yako vilitengenezwa kwa ajili ya nafasi pana kama hiyo. Ripita ya ridhaa ya mita 2 katika kanda yetu huacha kilohezi 600 tu kati ya kupokea na kurusha, kwa mfano kupokea kwenye 145.000 na kurusha kwenye 145.600. Kwa nafasi finyu kiasi hicho na nguvu ya makumi machache ya wati, unahitaji utengano wa desibeli 80 au zaidi, na hapo hapana njia ya mkato: unahitaji mitungi mikubwa ya shaba au alumini, ambayo robo ya wimbi kwenye megahezi 145 huifanya iwe na urefu wa zaidi ya nusu mita. Kisanduku unachoweza kukibeba kwapani hakitafanya kazi hiyo hata ukikizungusha skrubu mpaka kesho, na ninakuomba sana usizizungushe, kwa kuwa ukiharibu urari wake bila kipimo huwezi kuurudisha kwa kubahatisha. Siku hizi kipimio kidogo cha NanoVNA hupatikana kwa bei ya kawaida, nacho kitakuonyesha bonde la kila upande, yaani pale mawimbi yanapozuiwa, liko kwenye masafa gani.

Kwa sababu hiyo ningependa mfikirie upya bendi yenyewe. Kwenye bendi ya sentimita 70, kati ya megahezi 430 na 440, nchi kadhaa za kanda yetu hutumia nafasi ya megahezi 7.6, na huko dupleksa ndogo ya UHF iliyotoka kwenye kampuni inaweza kurekebishwa ikafaa. Hata antena mbili kwenye mnara mmoja, moja juu ya nyingine kwa mita 10, kwa hesabu hutoa utengano wa desibeli zipatazo 74 kwenye masafa hayo, ilhali umbali huo huo kwenye mita 2 hutoa 55 tu. GM300 za UHF nazo zina mafungu, kama vile 403 hadi 433 na 438 hadi 470. Ukipata moja ya kila fungu, ya kwanza inaweza kupokea chini ya 433 na ya pili ikarusha juu ya 438, jambo ambalo mtu asiyesoma vibandiko angeliona ni kasoro ya kununua redio zisizolingana.

Kuziunganisha redio mbili si kazi ngumu. Nyuma ya GM300 kuna tundu la pini 16. Sauti iliyopokewa hutoka pini ya 11, ardhi ni ya 7, amri ya kurusha huingia pini ya 3, na sauti ya kurushwa huingia pini ya 5 ikiwa haijachujwa au ya 2 ikiwa ni ya maikrofoni. Pini ya 8 inaweza kuprogramiwa itoe taarifa kwamba kuna mtu anaongea. Zingatia kwamba pini ya 11 huweza kutoa sauti iliyochujwa au isiyochujwa kulingana na jampa (kiungo kidogo cha kuchomeka) iliyo ndani. Ukiilisha sauti isiyochujwa kwenye mlango wa maikrofoni, wenzako watasikia sauti kali inayochoma masikio, na watailaumu antena.

Programu ya kuipangia redio chaneli ni ya zama za DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta, na hupenda kompyuta nzee yenye mlango halisi wa siriali. Ukifanikiwa kuingia, futa chaneli zote za kampuni ile, kwa kuwa masafa hayo si yako wala si ya aliyekuuzia. Halafu shusha nguvu. Redio ya gari ilikusudiwa dereva aseme maneno machache na kunyamaza, ilhali ripita huongea kwa muda wote ambao watu wanaongea. Iweke wati 10, iwekee feni, na weka kikomo cha muda wa kurusha.

Kuhusu mahali, kituo kilichoinuka mita 700 juu ya tambarare huona upeo wa redio wa karibu kilomita 109, nao umbali wa Moshi na Arusha ni kama kilomita 80, kwa hiyo hamna haja ya kuwaza vilele. Chagueni mteremko unaotazama kusini, bega la Meru lisije likawaziba wa Arusha. Waya nao usiudharau: mita 30 za waya wa antena aina ya RG-213 hula zaidi ya nusu ya nguvu yako kwenye megahezi 435. Na kabla ya kurusha hata mara moja, pelekeni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) maombi ya masafa ya ripita yenyewe, msidhani leseni ya kituo cha nyumbani inatosha.

SWALI: Mimi ni wa Njiro, Arusha. Nimepewa redio kubwa ya Codan iliyotoka kwenye kambi ya watalii porini. Je, inaweza kuwa ripita?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, lakini usiitupe. Codan ni kampuni ya Australia inayojulikana kwa redio za HF, yaani zile za chini ya megahezi 30 ambazo huruka mamia ya kilomita kwa kudunda angani, na ndiyo maana kambi za mbali zilizipenda. Kama una leseni na chaneli zake zinaweza kuprogramiwa, iweke kati ya megahezi 7.000 na 7.200, bendi ya mita 40, ufunge waya wa antena wa mita 20 uliokatwa katikati na kulishwa hapo. Ijaribu kwanza kwa umeme wa volti 13.8, ukiwa umeunganisha mzigo wa majaribio, kifaa kinachomeza nguvu bila kuirusha hewani, badala ya antena.