Kabla ya Kuikopesha Kaunti

Ukipeleka bidhaa kwa serikali ya kaunti hapa Kenya kwa LPO, yaani oda rasmi ya maandishi ambayo hulipwa baada ya bidhaa kufika, umeikopesha. Mimi nilingʼamua hilo nikiwa nimeshachelewa. Niliuzia kaunti moja ya mjini karatasi na wino wa printa, nikatiwa sahihi na mihuri yote, kisha nikangoja zaidi ya miaka miwili huku benki ikinihesabia riba. Kila nikienda naambiwa faili iko idara ya fedha.

Siku hizi sipokei LPO kabla ya kusoma ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti, afisa anayefuatilia jinsi bajeti za serikali zinavyotekelezwa. Hutolewa kila robo mwaka, bila malipo, nazo kaunti zote 47 zimo. Bajeti iliyopitishwa usiihangaikie sana. Tafuta mapato ya ndani: walilenga kukusanya kiasi gani kwenye maegesho, leseni za biashara na ada za ardhi, na kilichoingia ni kiasi gani? Kaunti inayokosa shabaha kila mwaka na bado inaipandisha imepanga kutumia pesa ambazo haitazipata. Pengo hilo tunaliziba sisi kwa bidhaa zetu.

Kisha linganisha madeni na makusanyo hayo. Nairobi, inayoongoza kwa madeni, imewahi kudaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80 ilhali kwa mwaka hukusanya bilioni kumi na kidogo. Piga hesabu mwenyewe. Mgao wa Hazina ya Kitaifa upo, ndiyo, lakini hukuta mishahara imeshapanga foleni. Kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi huuvuka mpaka huo.

Ishara ninayoiamini zaidi, hata hivyo, imo kwenye ripoti ya Mkaguzi Mkuu: makato ya pensheni ambayo wafanyakazi wamekatwa lakini hazina ya uzeeni haijaletewa. Kaunti iliyokalia pesa za askari wake, wewe muuza karatasi itakukumbuka lini?

Mwaka wa uchaguzi ndio wa kuogopa. Gavana mpya mara nyingi huunda kamati ya kuhakiki madeni ya mtangulizi wake, na faili yako huanza safari upya. Yangu ilihakikiwa mara mbili. Kwa hiyo weka nakala za LPO, ankara na hati ya kupokea bidhaa nyumbani kwako, si ofisini kwao pekee, wala usichukue oda ambayo ikicheleweshwa miaka miwili itakufungia duka.