Kizunguzungu kisichoisha: maswali yenu wiki hii

Mmeniandikia wengi. Mi si daktari, ni mtu wa Kisumu tu nimeishi na hii kitu miaka miwili na nimesumbua madaktari na watu wa fizio na maswali hadi nikaelewa.

*Nikiingia supamaketi hapa Nakuru naona kama sakafu inatembea, nikirudi kwa nyumba niko sawa. Nimeanza kuchanganyikiwa?*

Hapana dadangu. Mwili unajishikilia kwa sikio la ndani, macho, na miguu pamoja na viungo. Sikio likisumbuliwa, hata likipona, ubongo unaweza kubaki unategemea macho kupita kiasi, sasa fikiria zile rafu ndefu, taa kali, watu wanapishana, macho yanasema tunasonga na miguu inasema tumesimama. Wengine hata kelele na mwanga wa kawaida unakuwa mwingi. Mimi ilikuwa soko la Kibuye Jumapili, nilishika kibanda cha mama wa nyanya nikalia. Hali hii madaktari wanaiita PPPD, kifupi cha Kiingereza cha kizunguzungu kisichoisha cha aina hii, na vigezo vyake viliandikwa 2017: kizunguzungu siku nyingi kwa miezi 3 au zaidi, kinazidi ukisimama, ukisonga ama ukiangalia vitu vingi vingi.

*Nimepimwa malaria, presha, damu, hadi skani ya kichwa, yote safi. Daktari akasema ni wasiwasi tu. Kwani najifanya?*

Hiyo "tu" iliniumiza pia. Hujifanyi. Sehemu za ubongo za mizani na za hofu zinashirikiana karibu sana, ukizungukwa unaogopa, ukiogopa unazungukwa zaidi. Unakaza shingo, unatembea kama uko kwa matope, unapumua haraka haraka juu ya kifua, kaboni dioksaidi inashuka kwa damu na hapo kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinafanya ganzi. Skani haioni hayo juu hakuna kidonda, ni vile ubongo unafanya kazi. Yanatibika, kwa mazoezi ya mizani, ushauri wa mtaalamu, na wengine wanapewa dawa za wasiwasi za kila siku.

*Mamangu Kakamega analala mchana wote, anameza vidonge vya kizunguzungu, sasa ni miezi sita.*

Pole sana. Zile za kutuliza sikio ni za siku chache, zikikaa zinanyima ubongo nafasi ya kujizoesha, lakini asiache kabla ya kuongea na daktari. Muulize: kinamshika sekunde chache tu akigeuka kitandani? Basi zinaweza kuwa chembe za sikio zimetoka mahali pake, na kuna vile mtaalamu anageuza kichwa zinarudi. Kama ni kile cha kutwa nzima, kushinda kitandani kunakifanya kikae zaidi. Atembee kidogo kila siku na mtu kando yake. Mi nilianza Kibuye dakika mbili, siku ambayo si ya soko kubwa.

*Nitajuaje si stroke?*

Uso kupinda, mkono au mguu kulegea, ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kusimama, kichwa kuuma vibaya ghafla: usingoje asubuhi, enda hospitali saa hiyo hiyo. Ukizirai pia upimwe.

*Kwa matatu nikae wapi?*

Mbele, macho yaangalie barabara mbali, simu iwe mfukoni, na upumue polepole na tumbo. Ukizoea, rudi siti ya nyuma.