Maswali na Majibu: Tingatinga Lenye Dizeli Tangini na Njaa Kwenye Injini

Barua za safari hii zinafanana. Karibu kila mwandishi ana tangi lililojaa na injini inayolalamika kwamba haijala. Nimezijibu kwa mpangilio wa njia ya dizeli yenyewe, kuanzia kwenye kifuniko cha tangi kwenda mbele, maana huko nyuma ndiko watu hawapendi kuangalia.

Tingatinga letu linapiga kazi vizuri dakika 40 hivi, kisha nguvu zinashuka na linazimika. Tukilipumzisha robo saa linawaka kama halikuwa na neno. Filta zote mbili ni mpya. Fundi anataka kufungua injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye injekta za kuinyunyizia ndani ya injini. Tumruhusu?

Asiiguse kwanza. Ni kweli pampu iliyochakaa huweza kudhoofika ikipata moto, na huenda ndiyo sababu ya fundi wenu kuishuku, lakini hicho ni kitu cha mwisho kufunguliwa, tena ndicho cha gharama kubwa kuliko vyote. Mkianza na pampu mkakuta si yenyewe, mtakuwa mmetengeneza tatizo la pili.

Safari ijayo nguvu zikianza kushuka, simamisheni mtambo mahali tambarare, shusheni bledi chini, kisha mfungue kifuniko cha tangi taratibu huku mkisikiliza. Kikivuta pumzi kwa mlio wa "fyuuu", na injini ikarudisha nguvu baada ya muda mfupi, ugonjwa mmeupata. Dizeli inapotoka tangini lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Kitundu cha kupumulia kikizibwa na tope, tangi linaanza kuivuta dizeli nyuma wakati pampu inaivuta mbele. Mkizima, hewa hujipenyeza kidogo kidogo, ndiyo maana robo saa inatosha "kuliponya". Osheni kifuniko kwa dizeli safi mkipulize. Kama kina kichujio chake kidogo, badilisheni. Msitoboe tundu jipya kwa msumari. Nimewahi kuviona vifuniko vya namna hiyo, na vumbi lililopita hapo lilikwenda moja kwa moja hadi kwenye nozeli, yaani ncha za injekta zinazonyunyizia dizeli.

Kifuniko kikiwa kizima, nendeni kwenye paipu inayotoka tangini. Kama tangi limekaa juu ya pampu ya kuvutia, ile ndogo inayonyonya dizeli tangini, chomoeni paipu hiyo, dizeli imwagike kwenye ndoo safi. Itoke imejaa paipu, na isipungue. Ikianza kwa nguvu kisha ikakonda, kuna kitu kinaelea ndani na kila mara kinasogezwa mdomoni. Mimi mwenyewe, enzi za ujana wangu, nilishusha pampu ya tingatinga, nikaipeleka kupimwa, ikarudi na cheti cha afya njema. Siku ya tatu ndipo tulipotoa kitambaa cha kufutia mikono ndani ya tangi. Kilikuwa changu.

Viko vitu viwili vingine vinavyosahaulika. Cha kwanza ni mpira wa kuvutia dizeli uliochakaa: nje unang'aa, ndani ngozi imebanduka na kufanya kilango kinachojifunga pampu ikivuta kwa nguvu. Cha pili ni chekecheke ndogo ya waya ambayo pampu nyingi za kuvutia huwa nayo mlangoni. Watu hubadilisha filta miaka na miaka bila kujua kwamba chekecheke hiyo ipo.

Langu linazimika likiwa limelala upande kwenye mteremko tu. Tambarare halina shida.

Dizeli iko kiasi gani? Ikiwa chini ya robo, mtambo ukiinama dizeli yote inakimbilia upande mmoja na mdomo wa paipu unabaki ukivuta upepo. Jaza tangi kabla ya kazi ya mteremko. Kama linazimika hata likiwa limejaa, rudi kwenye jibu lililotangulia.

Shikamoo fundi. Kila asubuhi halishiki mpaka nipige pampu ya mkono mara 30 au zaidi. Likishawaka, siku nzima halisumbui. Nimekagua kote, hakuna hata tone la dizeli linalovuja.

Marahaba, mwanangu. Hilo la kutokuona tone ndilo linalokupoteza. Kati ya tangi na pampu ya kuvutia, dizeli inanyonywa, haisukumwi. Penye ufa hapo, injini ikiwa inafanya kazi, dizeli haitoki nje. Upepo ndio unaoingia ndani. Usiku, kwa kuwa upepo una mlango, dizeli inarudi tangini na paipu inabaki tupu. Asubuhi unaijaza upya kwa mkono.

Tafuta kipande cha mpira unaoonyesha ndani, ukiunge kwa muda kwenye paipu ya kuvutia karibu na pampu. Mapovu yakipita, ufa uko nyuma ya hapo. Usogeze kuelekea tangini kiungo baada ya kiungo mpaka ufike mahali ambapo dizeli inapita haina povu. Ufa uko kati ya hapo na kiungo ulichotoka. Mtihani huu ni wa upande wa kuvuta peke yake, usiujaribu kwenye paipu za presha.

Mimi ningeanza na sili ya filta. Mara nyingi sili ya filta ya zamani hubaki imegandia kwenye kichwa, mtu akafunga filta mpya juu yake, zikawa sili mbili na hakuna inayoziba. Kisha waya za kubania mipira, washa za shaba kwenye skrubu za kutolea upepo, na hiyo pampu ya mkono yenyewe, kwa sababu sili yake nayo huchakaa. Kama vyote ni vizima, angalia valvu ya kuzuia dizeli isirudi. Na tafadhali usizungushie nyuzi za bolti ule utepe mweupe wa mabomba ya maji. Vipande vyake hukatika vikasafiri.

Tulibadilisha filta, tingatinga likagoma kuwaka. Msaidizi wangu alitaka kulegeza nati za paipu za injekta ili atoe upepo, kama tulivyozoea. Mtambo huu ni mpya, wa kompyuta. Nilimzuia, lakini sijui kama nilifanya sawa.

Ulimwokoa. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kimakanika, hiyo ni kazi ya kawaida: unatoa upepo kwenye filta kwanza, kisha unalegeza nati za injekta nusu mzunguko, unapiga starta mpaka dizeli iruke bila povu, unakaza. Injini mpya nyingi za kompyuta zina bomba moja linalogawia injekta zote dizeli, na presha humo hupita bar 1,000, nyingine zikifika bar 2,000. Mchirizi mwembamba kama uzi kwa presha hiyo unapenya glavu na ngozi. Jeraha linafanana na tundu la sindano, haliumi sana mwanzoni, na hapo ndipo mtu anapodanganyika akarudi kazini. Anayepatwa na hilo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe ni dizeli iliyoingia kwa presha. Hata ukitafuta mvujo, pitisha kipande cha boksi, si kiganja.

Kwa mtambo wako, toa upepo upande wa presha ndogo tu, kwa pampu ya mkono au ya umeme iliyo kwenye filta, mpaka iwe ngumu. Kisha piga starta, isizidi sekunde 30 kwa mara moja, uipumzishe dakika 2.

Moshi mweusi na nguvu hakuna. Kila mtu anasema nozeli.

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha. Nozeli inayodondosha inaweza kuuleta, lakini anza na filta ya hewa na mipira ya turbo. Mpira uliopasuka nyuma ya clampu hauonekani mpaka uushike. Ukishaondoa shaka hapo, na kama pampu ni ya kimakanika, legeza nati ya injekta moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kukanyagwa mafuta. Silinda ambayo ukiilegezea nati mlio haubadiliki, hiyo ndiyo mvivu.

Oili ya injini inaongezeka badala ya kupungua. Nishukuru?

Zima sasa hivi. Nusa kijiti cha oili. Kikinuka dizeli, usiwashe tena hata kwa kulisogeza. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi na beringi za krenki zinakwisha haraka. Dizeli hupitia kwenye sili ya injekta pampu, diaframu ya pampu ya kuvutia, au oringi za injekta zilizokaa chini ya kifuniko cha valvu. Tengeneza kwanza, ndipo umwage oili na kubadilisha filta yake.

Dizeli yetu tunaichuja, lakini kila asubuhi kikombe cha kutenganisha maji kina maji. Yanatoka wapi?

Hewani. Tangi likilala nusu tupu, baridi ya usiku inageuza unyevu wa hewa iliyomo kuwa matone kwenye kuta, yanateremka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli yanakaa chini kabisa, kwenye mdomo wa paipu. Jazeni tangi jioni kazi ikiisha, si asubuhi. Kumwaga maji ya kikombe kuwe kabla ya kuwasha, tangi likiwa limetulia; mkishawasha mnamwaga mchanganyiko.

Na mkiona utelezi mweusi kama kamasi badala ya maji, hao ni vijidudu wanaoishi pale maji yanapokutana na dizeli. Filta mpya itaziba ndani ya siku chache. Limwageni tangi lote, lisuguliwe, ndipo mfunge filta. Na ile filta ya pili msiijaze dizeli kwa kumimina katikati, kwani kitakachoingia hapo kinakwenda kwenye pampu bila kuchujwa.